Gretingi ya faiba badala ya chuma kwenye sakafu za mizigo mizito: tuanze na boriti kabla ya bei

Mhandisi wa Iyunga:

Wakuu, salaam kutoka Mbeya.

Swali hili limekuwa likinifikia mara kwa mara kutoka kwa wenye viwanda na mafundi wa matengenezo wa huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia wasindikaji wa maziwa na parachichi hadi wachenjuaji wa dhahabu wa upande wa Chunya: je, zile gretingi za chuma, yaani vyavu vya sakafu tunavyokanyaga kwenye majukwaa ya mitambo na vinavyofunika mitaro, zinaweza kuondolewa zote na nafasi yake ikachukuliwa na za faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo? Wauzaji wengi hujibu ndiyo bila sharti lolote, na mafundi wengi wa zamani hujibu hapana, nao bila sharti lolote. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu majibu yote mawili yanaweza kumvunja mtu mguu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Faiba inafaa hata penye mzigo mzito, lakini haifai kulazwa juu ya boriti zilizopangwa kwa ajili ya chuma kabla mtu hajakaa chini na kupiga hesabu ya kunepa. Anayebadilisha kipande kwa kipande, vipimo vilevile, juu ya boriti zilezile, hajabadilisha malighafi tu. Amebadilisha jengo bila kujua.

Nianze na kinachotufanya tuikimbie chuma. Gretingi ya chuma iliyotengenezwa vizuri huchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, na kubaki na ngozi ya zinki ambayo kwa chuma chenye unene wa milimita 3 hadi 6 inatakiwa iwe na wastani wa maikromita 70 kwa kiwango cha ISO 1461. Ngozi hiyo hudumu miaka mingi sana katika mvua ya kawaida, hata mvua ya Tukuyu. Hata hivyo, zinki hupenda mazingira ya kati. Ikikutana na kimiminika chenye pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, iliyo chini ya 6, au kilichozidi 12.5, huanza kuyeyuka kwa kasi. Sasa tazama kiwanda cha maziwa: mabomba na matangi husafishwa kwa kostiki, yaani soda kali, ya asilimia 1 au 2, kisha kwa asidi ya nitriki. Kostiki ya asilimia 1 peke yake ina pH inayozidi 13. Kinachomwagika sakafuni kila baada ya zamu huila zinki kutoka pande zote mbili, leo kwa kostiki, kesho kwa asidi. Kwenye uchenjuaji wa dhahabu chokaa hutunza pH ikae juu ya 10, na hapo mtu angedhani zinki iko salama, lakini sianidi yenyewe huyeyusha zinki, na pale mkaa unaonasa dhahabu unapooshwa kwa asidi ya hidrokloriki hali huwa mbaya zaidi.

Ubaya wa uharibifu huu ni kwamba haujionyeshi juu. Nilipata kukagua jukwaa la matangi katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Ukisimama juu, gretingi ilionekana nzima, imefifia kidogo tu na kuacha unga mweupe hapa na pale. Tulipofungua klipu na kuinua kipande kimoja, ncha za bapa, yaani vile vipande virefu vinavyobeba mzigo, pale hasa zinapokaa juu ya engo (chuma chenye umbo la L), zilikuwa zimeliwa hadi zikawa nyembamba kama ukingo wa kisu, kwa sababu maji ya kostiki hutuama katika upenyo huo na hayakauki. Bapa lililoanza na unene wa milimita 5 lilivunjika kwa koleo. Watu walikuwa wakipita hapo kila siku wakiwa wamebeba madumu.

Faiba haina ugonjwa huo. Ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, yaani plastiki ya maji inayoganda ikawa ngumu, mithili ya nondo ndani ya zege: nyuzi hubeba mvutano, rezini huzishika pamoja na kuzikinga. Zipo za aina mbili, na tofauti yake ndiyo moyo wa mjadala huu. Ya kwanza humiminwa ndani ya kalibu, nyuzi zikilazwa kwa pande mbili zinazokatana, na hutoka ikiwa na vishimo vya mraba. Kipande cha kawaida kina unene wa milimita 38, upana wa milimita 1,220 na urefu wa milimita 3,660. Hii hubeba mzigo kwa pande zote mbili, unaweza kuitoboa ili bomba lipite bila kuidhoofisha sana, lakini sehemu ya kioo ndani yake ni kama theluthi moja tu ya uzito. Ya pili huvutwa kupitia kalibu yenye joto, nyuzi zikiwa zimenyooka kwa urefu, na kioo hufikia karibu theluthi mbili ya uzito. Bapa zake huwa na umbo la herufi I au T. Hii ndiyo ya mizigo mizito, ila inabeba kwa mwelekeo mmoja tu, kama ilivyo kwa gretingi ya chuma.

Hapa naomba wasomaji wasiruke. Kiwango cha Ulaya cha EN 13706 kinagawa faiba ya kuvutwa katika daraja la E17 na E23. Daraja la E23 linatakiwa kuhimili mvutano wa angalau megapaskali 240, na chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kusalimu amri kwenye megapaskali 275 hivi. Kwa nguvu, basi, hawa ni majirani. Lakini ile 23 inayotajwa kwenye jina ni ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kunepa, gigapaskali 23, na chuma kina zaidi ya 200. Kwa ukakamavu, chuma kimeizidi faiba karibu mara 9. Maana yake ni kwamba faiba haitavunjika mapema kuliko chuma kwa kiasi cha kutisha, ila itanepa mara 9 zaidi ikiwa umbo na nafasi kati ya boriti ni vilevile.

Tuiweke katika vipimo vya karakana. Chukua boriti zilizoachana mita 1.2 chini ya gretingi ya chuma. Ukitaka bapa la faiba lenye umbo lilelile linepe sawa na chuma chini ya mzigo uliotawanyika, boriti zinatakiwa zisogee hadi sentimita 69 hivi. Ukiwa ni mzigo wa gurudumu moja lililosimama katikati, zisogee hadi sentimita 58. Au uache boriti mahali pake na uongeze kimo cha bapa mara 2 na kidogo, jambo linalopandisha sakafu na kuharibu ngazi na milango. Bapa za faiba huwa nene kuliko za chuma, kwa hiyo hali halisi haiwi kali kiasi hicho, lakini mwelekeo wa hesabu haubadiliki: boriti ya katikati itahitajika, na gharama yake lazima iwemo kwenye makadirio tangu siku ya kwanza.

Nitaendelea na foklifti, yale magari ya kuinulia mizigo, baadaye. Karibuni kwa hoja.

Mchomeleaji Uyole:

Mkuu, nakushukuru kwa andiko lililopangika. Mimi ni fundi wa kuchomelea kwa miaka mingi, na naomba niseme kwa heshima kwamba chuma kina jambo moja ambalo hukuligusa. Chuma kikizidiwa, hupinda kwanza. Fundi hukiona kimepinda, anaweka alama, anakiondoa. Nimesikia faiba haipindi, hupasuka tu. Pili, gretingi ya chuma ikilegea naichomelea palepale. Hii ya faiba ikilegea naifanyaje?

Mhandisi wa Iyunga:

Ndugu yangu, hoja ya kwanza ni ya kweli na ni nzito. Chuma hunyumbulika na kubaki kimepinda muda mrefu kabla ya kukatika. Faiba hunepa, na ukiondoa mzigo hurudi palepale, hadi siku itakapofika mwisho wake na kupasuka. Hutoa dalili, kwani rezini hubadilika rangi na kuwa nyeupe pale ilipoumia na mara nyingi husikika mlio wa nyuzi zinazokatika, lakini si dalili za kutegemea katika kiwanda chenye kelele. Ndiyo maana wabunifu huiwekea kizidishi cha usalama kikubwa kuliko cha chuma. Kwa bahati, katika sakafu nyingi kunepa ndiko kunakofika kwenye kikomo kwanza, hivyo gretingi iliyopangwa isinepe kupita kiasi huwa imebakiwa na akiba kubwa ya nguvu.

Hoja ya pili: faiba haichomelewi, inafungwa kwa klipu na bolti, na klipu hizo ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, si za mabati. Nimekuta sehemu kadhaa gretingi ikiwa nzima kabisa huku klipu zimeoza, na kipande kilicholegea kikicheza chini ya miguu ya watu. Kukata si kazi ngumu, unatumia grenda yenye diski ya almasi, kwa kuwa kioo humaliza diski za kawaida upesi mno. Lakini kila mahali palipokatwa lazima papakwe rezini siku hiyohiyo. Ukingo uliokatwa ukaachwa wazi huonyesha nyuzi, na nyuzi hizo hunyonya kemikali kuelekea ndani. Vumbi lake ni la kioo, linawasha ngozi na halifai mapafuni: barakoa, miwani, glavu, mikono mirefu, na maji kidogo kwenye diski ikiwa kifaa chako kinaruhusu maji.

Dada wa Mafinga:

Kamwene wote. Nasimamia matengenezo kwenye kiwanda ambacho kostiki ni ya moto na ni nzito, si ile ya asilimia 1 ya kuoshea. Tuliletewa gretingi ya faiba yenye rangi ya kijani, tukaambiwa ni ya kemikali zote. Haukupita muda mrefu, uso wake ukakwaruzika na nyuzi zikaanza kuonekana. Kaka mhandisi, je, faiba nayo ina kemikali inayoishinda?

Mhandisi wa Iyunga:

Kamwene, dada. Ndiyo, inayo, na hapo ndipo neno faiba linapowadanganya wanunuzi. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe ni rezini gani. Poliesta ya kawaida, ile ya bei nafuu, inafaa kwa maji na hewa. Poliesta ya isofthaliki inavumilia asidi za wastani. Vinili esta ndiyo inayostahimili asidi kali na kostiki, kwa sababu minyororo yake ina viungo vichache vinavyoweza kukatwa na kostiki. Kostiki ya moto huikata poliesta, kisha ikiufikia ule uzi wa kioo huuyeyusha nao pia, kwa kuwa kioo chenyewe si rafiki wa kostiki. Kwa mazingira yako ningedai mambo mawili yaandikwe kwenye hati ya manunuzi: rezini iwe vinili esta, na utando wa juu unaofunika nyuzi uwe wa sintetiki, usiwe wa kioo. Rangi haikuambii chochote. Kijani, njano na kijivu hutiwa kwenye rezini yoyote.

Jambo la joto nalo lisisahaulike. Poliesta hupoteza ukakamavu kadiri joto linavyopanda, na mimi binafsi sikubali kuiweka penye joto la kudumu linalozidi nyuzi 60 hivi. Vinili esta huenda mbele zaidi, lakini jedwali la mzigo unalopewa na muuzaji limepimwa kwenye joto la kawaida la chumba. Karibu na boila, karibu na tanuri, kwenye bomba la mvuke linalovuja, baki na chuma.

Bohari Kuu:

Mimi natazama upande wa fedha na usafirishaji. Bei ya kipande cha faiba ya vinili esta inatutisha. Na je, ikishika moto?

Mhandisi wa Iyunga:

Mkuu, nianze na moto. Faiba ni rezini, na rezini huungua. Zipo zilizotiwa dawa ya kuzuia moto usisambae, ambazo huzimika chanzo kikiondolewa, na zipo za fenoli ambazo hutumika hata kwenye majukwaa ya mafuta ya baharini kwa sababu ya kuvumilia moto. Lakini kwenye njia pekee ya kutorokea watu, au pale ambapo wachomeleaji hufanya kazi kila wiki na cheche zinadondoka, siipendekezi. Chuma nacho hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kwenye nyuzi 550 hadi 600, ila hakileti moshi.

Kuhusu fedha, usilinganishe kipande kwa kipande. Gretingi ya kumiminwa ya milimita 38 ina uzito wa kilo 18 au 19 kwa mita ya mraba. Ya chuma ya kazi kama hiyo hukaribia kilo 35 hadi 40. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, na kila aliyewahi kulipia lori linalopanda Kitonga anajua kwamba uzito ni pesa. Kipande kizima cha faiba kina kilo 80 na ushei, watu wanne wanakiinua kwa mikono bila kreni, wakati cha chuma cha ukubwa huohuo kinakaribia kilo 170. Kwenye jukwaa la juu, siku ya kreni uliyoiepuka inaweza kufidia sehemu kubwa ya tofauti ya bei. Na kuna la wizi, ambalo tunalijua wote: mifuniko ya mitaro ya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shimo lililobaki wazi usiku ni kaburi. Faiba haipimwi kwenye mizani ya chakavu.

Mazingira makavu, ghala lisilomwagikiwa, karakana ya kawaida: nunua chuma, usijisumbue. Hapo faiba hairudishi gharama yake.

Sasa nirudi kwenye foklifti, kwa sababu ndipo maneno mzigo mzito yanapopata maana. Foklifti ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 3.8. Jumla ni tani 6.3, na wengi hugawanya kwa magurudumu 4 na kupata tani 1.6 kwa gurudumu. Hesabu hiyo si sahihi. Foklifti iliyobeba huegemea mbele, na ekseli ya mbele huchukua karibu asilimia 85 hadi 90 ya uzito wote. Kila gurudumu la mbele, basi, lina tani 2.7 au 2.8. Ongeza asilimia 30 kwa ajili ya mtikisiko, nawe umefika tani 3.5 na zaidi, zikiwa zimesimama juu ya eneo lisilozidi kiganja au viwili. Ikiwa tairi ni ngumu, la mpira mzito lisilo na upepo, eneo ni dogo zaidi na ni bapa tatu au nne tu zinazobeba yote hayo.

Zipo gretingi za faiba zilizotengenezwa mahususi kwa foklifti na hata malori, zikiwa na bapa nene na kimo cha milimita 50 au zaidi. Watengenezaji wengine huzipima kwa mzigo wa H-20 wa madaraja ya Marekani, ambao ni karibu tani 7.3 kwa gurudumu. Zinafanya kazi, hasa kwenye mitaro ya sentimita 40 au 60 ambako nafasi ni fupi na kila ncha imekaa juu ya zege. Ndiyo matumizi ninayoyapendekeza kwa moyo wote: mtaro wa eneo la kupakia, wenye maji ya asidi chini na foklifti juu. Lakini ile ya kawaida ya milimita 38 yenye vishimo vya mraba si ya foklifti, hata kama muuzaji ameisimamia na kuruka juu yake mbele yako.

Mchomeleaji Uyole:

Nimekuelewa, mkuu, na nimeanza kulegeza msimamo kwa upande wa mitaro. Je, jua letu la mwinuko huu haliichakazi? Halafu mimi nisiye na maabara nitajuaje kwamba nilichofunga kinafaa?

Mhandisi wa Iyunga:

Jua huchakaza uso. Miale ya urujuanimno hupausha rezini na baada ya miaka nyuzi za juu hujitokeza. Nguvu hupungua kidogo sana, ila mikono na magoti ya watu huchomwa na nyuzi hizo. Agiza yenye kinga ya jua ndani ya rezini, na uso ukianza kupauka, osha, kausha, paka koti jipya la rezini au rangi ya poliyurethani.

Kupima unaweza kwa vifaa ulivyonavyo. Kwa njia za kupita watu, kiwango cha ISO 14122-2 kinataka sakafu ibebe kilonyutoni 1.5 juu ya eneo la sentimita 20 kwa 20, na muundo unaoibeba uhimili kilonyutoni 2 kwa mita ya mraba. Kunepa kusizidi sehemu moja ya 200 ya nafasi kati ya boriti, na tofauti ya kimo kati ya kipande chenye mzigo na jirani yake asiye na mzigo isizidi milimita 4, kwa sababu hapo ndipo watu hujikwaa. Tafsiri yake kwa karakana ni hii: vuta kamba ya fundi kutoka boriti hadi boriti, weka kibao cha sentimita 20 kwa 20 katikati, panga juu yake mifuko 3 ya saruji ya kilo 50, kisha pima kwa rula. Kama boriti zimeachana mita 1.2, ukisoma zaidi ya milimita 6, boriti ya katikati inahitajika. Iache mifuko hiyo usiku kucha na usome tena asubuhi, kwani faiba iliyobebeshwa mzigo wa kudumu huendelea kunepa polepole, jambo ambalo chuma hakifanyi. Kwa sababu hiyo usiegeshe pampu au tangi moja kwa moja juu ya gretingi ya faiba. Vipe miguu yake hadi kwenye boriti.

Dada wa Mafinga:

Swali la mwisho, kaka. Vijana wangu hufungua vipande kwa ajili ya usafi na kuvirudisha. Vingi sasa ni karibu mraba kamili.

Mhandisi wa Iyunga:

Dada, kwa gretingi ya kuvutwa hiyo ni hatari ya haraka kuliko zote nilizotaja. Kipande cha mraba kikirudishwa kikiwa kimegeuzwa robo mduara, bapa zinakuwa sambamba na boriti, na mzigo wote unabebwa na vile vijiti vyembamba vya kuunganishia. Kwa macho kinaonekana kimekaa sawa. Kabla ya zamu ijayo, paka mstari wa rangi unaofuata urefu wa bapa kwenye kila kipande, upake mwingine kwenye fremu pale mstari huo unapoishia, na uagize kwamba hakuna kipande kinachofungwa klipu kabla mistari hiyo miwili haijakutana. Ukiagiza vipya, omba vikatwe kwa vipimo visivyo mraba, hata kwa tofauti ya sentimita 10 tu, ili visiweze kuingia kwa upande usio wake.